Makongoro Kwenye Buti, Mama Majura Kwenye Usukani

Niliondoka Songea kwa sababu ya gari nililoliuza mwenyewe. Lilikuwa pikapu kuukuu la rangi ya udongo, lilinibeba miaka tisa, na aliyelinunua alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Kila asubuhi lilipopita nililitambua kwa mlio kabla halijakata kona, nikaacha chai mezani na kutoka nje kulitazama. Siku moja mke wa jirani akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Fundi, gari si umeuza? Sasa unalipungia mkono ili iweje?"

Nikaona nimeanza kuchekwa. Mimi ni fundi umeme wa magari, nina miaka arobaini na minne, na tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Njombe, Tunduma, Masasi na kurudi nyumbani mara mbili. Kuhama kwangu si jambo la ajabu. Deo, niliyesoma naye sekondari, alikuwa na gereji Mwanza, karibu na Mirongo, na kwa muda mrefu alikuwa akiniita. Safari hii nilipompigia simu hata hakunisalimia vizuri. "Njoo tu," alisema. "Magari ya huku yana nyaya kama nywele za kichaa."

Siku ya kwanza basi liliondoka Songea kabla ya mapambazuko. Njombe tulipita na ukungu na baridi ya kufunga vioo, Makambako tukanywa chai, Iringa jua likawa kali, kisha tukashuka kuelekea Mtera, na Dodoma tukafika jioni watu wote wamekunja shingo. Nililala nyumba ya wageni jirani na stendi. Nawaambieni kweli, ndugu zangu wa Songea, nchi hii mnaisikia kwenye redio tu. Kuikata kutoka kusini hadi kaskazini ni kazi.

Siku ya pili, baada ya Singida, nilijifunza jambo la kwanza la safari hii nikiwa bado njiani. Nilinunua chipsi mayai dirishani. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekaa pembeni yangu alizitazama, akanitazama mimi.

"Baba, hizo zitakusumbua kabla ya Nzega," alisema.

Zilinisumbua kabla ya Igunga. Dereva alisimama porini kwa ajili yangu peke yangu, abiria wakanipigia makofi niliporudi. Yule mama alifungua kitambaa akanipa vipande vya rangi ya kahawia, vikavu, vitamu kwa mbali. Yalikuwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. "Haya hayamwagiki, hayanuki, hayachafui mikono," aliniambia. "Mtu mwenye gari akose vyote, asikose haya." Nilitafuna taratibu hadi Shinyanga, na tumbo likatulia.

Mwanza, stendi ya Nyegezi, tulifika saa mbili kasoro jioni. Deo alinipokea stendi, tukapita katikati ya miamba mikubwa iliyopandana kama magunia yaliyotupwa na mtu mwenye haraka, nyumba zimekaa juu yake na kati yake. Alinipeleka moja kwa moja Mabatini, kwenye chumba alichokuwa amenitafutia.

Asubuhi yake ndipo nilipomwona mwenye nyumba, na gari lake. Mama Majura ni Mjita, mjane wa miaka hamsini na kitu, jina hilo amelipata kwa mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam. Kazi yake ni kupikia watu kwenye sherehe na misiba, akisaidiana na rafiki yake wa Kihaya, Ma Koku. Uani kulikuwa na masufuria ya kuingia mtu mzima. Katikati ya masufuria hayo kulikuwa na gari aina ya steshenwagoni, ya kijivu, matairi yamekaa juu ya matofali. Juu ya paa, juu ya boneti, mpaka mbele ya kioo, palikuwa pametandazwa michembe. Hiyo ni ndugu ya matobolwa, ila viazi hukatwa vibichi na kuanikwa bila kuchemshwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mngoni wa Deo?"

"Ndimi. Mama, hili gari lina nini?"

"Lina michembe," alijibu, na Ma Koku akacheka hadi akaegemea ukuta.

Baadaye aliniambia kwa utulivu. Gari lilikuwa la marehemu mume wake. Tangu azikwe, miaka miwili nyuma, halikuwashwa. Yeye hakujua kuendesha na hakutaka kuliuza. Paa la bati likipata jua hukausha viazi siku tatu badala ya tano, basi akaona lisikae bure.

Wiki ya pili nikiwa hapo, Jumapili baada ya kanisa, simu yake ililia tukiwa tunachambua mchele. Alikuwa Mzee Mafuru, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi kisiwani Ukerewe, karibu na Nansio. Sauti ya mzee ilikuwa kubwa, sote tuliisikia.

"Shemeji, nimeambiwa gari la mdogo wangu limekuwa kichanja cha viazi. Ni kweli?"

Mama Majura aliweka ungo wa mchele chini.

"Huku tuna wagonjwa, tuna mizigo, na gari la ukoo linaozea Mabatini. Mwezi huu namtuma dereva alichukue."

Hapo mama akasimama. "Haliozi! Nalitumia. Kila wiki napelekea watu chakula. Naliendesha mwenyewe!"

Mzee akasema pole pole, kama mtu aliyeona samaki amenasa, "Unaliendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi vizuri sana. Krismasi njoo nalo hapa, ukoo wote utakuwepo. Ukifika ukiliendesha mwenyewe, mbele ya watu nitasema ni la nyumba yako na sitalitaja tena. Usipokuja nalo, litakuja na dereva wangu."

Simu ilikatika. Ma Koku aliacha mchele. "Mama Majura, umesema nini wewe?"

"Nimesema nilichosema."

"Tangu lini unaendesha?"

Mama alinigeukia mimi. "Mngoni, kutoka leo hadi Krismasi ni siku ngapi?"

Kutoka siku ile mambo yalikwenda mbio. Nilichaji betri kwenye gereji ya Deo, nikabadilisha mafuta na plagi, nikatoa kiota cha panya kwenye kichujio cha hewa, nikaunganisha nyaya alizotafuna. Gari lilipowaka mara ya kwanza Mama Majura aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango, akakaa huko kwa muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Kesho yake akajiandikisha chuo cha udereva kwa ajili ya alama za barabarani na leseni ya kujifunzia, na mimi nikawa wa mazoezi ya Jumapili. Malipo yangu yalikuwa kufundishwa kupika, maana niliwaambia kwamba tangu nianze kuishi peke yangu nimekula mayai kama kenge.

Buhongwa kuna uwanja wa vumbi, hapo ndipo tulipoanzia. Kosa lake la kwanza lilikuwa la mpishi. Injini ikipata moto alitaka kushuka afungue kifuniko cha rejeta aone. "Kitu kimechemka, sharti ufunue utazame," alisema, mkono tayari una kanga. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Nilimweleza kwamba lile sufuria halifunuliwi likiwa moto, maji yanarukia usoni. Alifikiri akasema, "Kumbe linapika kwa kubanwa, kama chungu kilichozibwa kwa unga." Hakurudia tena.

Kosa la pili lilichukua mwezi mzima kulitoa. Mguu wake wa kushoto haukutoka kwenye klachi. Mpishi wa masufuria makubwa habandui mkono kwenye mwiko, na yeye aliuweka ule mguu hivyo hivyo, gari linatembea, mguu umelala palepale. Nilisema, nikasema tena, nikachoka. Jumapili ya tatu tukiwa tunapanda kilima kidogo, alifunga breki ghafla.

"Kuna kitu kinaungua."

Mimi sikusikia harufu yoyote. "Kama nini?"

"Kama kitunguu kilichosahauliwa, kikachanganyika na nywele."

Nikashusha kichwa karibu na pedeli, na kweli, ilikuwa klachi. Nilimwonyesha kwamba ni mguu wake ndio unaoiunguza. Tangu siku ile alijirekebisha kwa pua. Kila akisahau, harufu ilimfikia kabla haijanifikia mimi, akauondoa mguu huku akijitukana kwa Kijita. Nimekaa gereji miaka ishirini na sijawahi kuona pua ya namna hiyo.

Kuhusu kushika breki kwa upole, hapo alinifundisha yeye. Aliweka ngata, ule mviringo wa kitambaa ambao akina mama huweka kichwani wakibeba ndoo, juu ya kiti cha mbele, kisha sufuria ya uji juu yake, mimi nikahamia nyuma. "Nikimwaga nitajua nimekosea, huna haja ya kunifokea," alisema. Wiki ya kwanza kiti kilikula uji mwingi kuliko sisi. Wiki ya tano tulizunguka uwanja mzima na kwenda hadi barabara kuu na kurudi, na uji tukaunywa. Mwenye gari yeyote anayebeba chakula aige hilo la ngata. Sufuria halitelezi, na mchuzi haugongi kifuniko.

Mwanzoni mwa Desemba alipata leseni. Ma Koku alipika ndizi na nyama mtaa mzima wakala, na akamwambia kila aliyepita, "Huyu sasa ni dereva, msimsalimie mkiwa katikati ya njia."

Tarehe ishirini na nne, alfajiri, tuliamkia jikoni. Tulibishana kuhusu chakula cha kupeleka. Kupeleka samaki Ukerewe ni sawa na kwenda kuchekwa. Mama akaamua makongoro, kwato za ng'ombe, kitoweo kinachotaka moto wa saa nyingi, na akaamua kwamba gari litamalizia kupika. Aliyachemsha tangu usiku wa jana yake, alfajiri akayatokosa tena kwa nguvu, akafunika sufuria na kuziba ukingo wa kifuniko kwa donge la unga. Tukalifunga kwa kanga mbili na blanketi zito, tukaliweka kwenye ngata kubwa ndani ya buti, magunia pembeni yalibane. Sufuria nene iliyotolewa jikoni inatokota, ikifungwa hivyo, huendelea kuiva yenyewe kwa muda mrefu. Ukifika unaichemsha tena kabla ya kula, hilo msilisahau. Tulibeba pia madumu mawili ya maji, la kunywa limefungwa kitambaa cheupe na la rejeta cheusi, ili mtu mwenye haraka asichanganye.

Saa kumi na mbili na nusu tulitoka Mabatini. Mama usukani, mimi pembeni, Ma Koku nyuma, ambaye alisema hawezi kukosa tukio hilo hata kwa ndizi za Bukoba. Kisesa tulipita, Magu tukapita, kulia mashamba, kushoto ziwa likionekana na kupotea. Mama aliendesha kwa mwendo wake, mikono miwili, mdomo umefungwa. Mabasi yalitupita yakipiga honi. "Wapite," alisema Ma Koku. "Wao wamebeba watu, sisi tumebeba makongoro."

Tulipokaribia Lamadi mama alinusa hewa.

"Mngoni, kuna harufu ya sukari inaungua."

"Si makongoro hayo?"

"Makongoro yangu yana sukari? Nauliza wewe fundi."

Mshale wa joto ulikuwa bado katikati. Mimi sikunusa kitu, nikataka tuendelee, kwa maana kivuko cha kwenda kisiwani hakimngojei mtu. Yeye akawasha taa ya pembeni, akasogea kando ya barabara, akazima. Nilifungua boneti kwa shingo upande, na pale chini, kwenye mpira wa rejeta, dawa ya kijani ya kupoza injini, yenye harufu tamu, ilikuwa inachuruzika juu ya chuma cha moto. Kibano kilikuwa kimelegea. Nilikuwa nimekifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Kwa aibu na haraka nikapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

Nilipigwa kofi la mkono. "Acha kipoe!" alisema Mama Majura. "Ulinifundisha nini Buhongwa?"

Tulikaa kivulini zaidi ya nusu saa, tukatafuna matobolwa. Injini ilipopoa nilikaza kibano, tukaongeza maji, tukaondoka. Kama angenisikiliza, gari lingechemka mbele ya safari, huenda injini ingekufa, na Mzee Mafuru angelipata akiwa amekaa nyumbani kwake. Mama hakuliongelea tena. Ma Koku aliliongelea hadi Bunda.

Bunda tulikata kushoto, tukapita Kibara, na Kisorya tukafika saa sita na nusu. Magari yalikuwa yamepanga foleni, maana kila Mkerewe na kila Mjita mwenye kwao kisiwani alikuwa anarudi kula sikukuu. Kuteremka kuingia kwenye kivuko alifanya kwa breki, polepole, na mfanyakazi wa kivuko akamwonyesha kwa mkono mpaka bampa zikakaribia kugusana. Maji yalikuwa tulivu. Mama hakutoka ndani ya gari. Alikuwa anatazama upande wa pili, Rugezi, ambako njia ya kutokea ilikuwa inapanda, na ilikuwa imelowa.

"Mngoni, pale nitasimama katikati?"

"Ukiwa na bahati utapanda moja kwa moja."

Bahati haikuwepo. Kivuko kilipofika, gari la mbele yetu lilisimama juu ya mlima kumshusha mtu mwenye kuku, na sisi tukabaki katikati ya mteremko, mkia wetu kwenye kivuko, nyuma yetu lori la kreti za soda. Kuku alipomaliza kushuka mama akaachia klachi. Gari likazima. Akawasha tena, likarudi nyuma hatua moja, akakanyaga breki, likazima. Lori likapiga honi. Vijana waliokaa juu ya magunia wakaanza.

"Mama, mpe mzee usukani!"

"Mama, shuka tulisukume, hilo ni la kusukuma!"

Ma Koku akatoa kichwa dirishani. "Pita juu kama una mabawa!" akamwambia dereva wa lori.

Nikaweka mkono karibu na breki ya mkono. Mama hakunitazama. "Ukiigusa hiyo, nakushusha ziwani," alisema, na nikajua hatanii. Kama angeniachia kiti pale, watu wote wa kisiwani wangefika kwao na habari hiyo kabla ya jioni.

Alivuta breki ya mkono mwenyewe. Akawasha. Akapandisha klachi kidogo kidogo, akanyoosha shingo kama anayesikiliza chungu, injini ikabadilisha mlio, pua ya gari ikainuka. Alisubiri kidogo zaidi ya ambavyo mimi ningesubiri. Kisha akaachia breki, na gari likapanda. Lilipanda bila kurudi nyuma hata kidogo, bila kuruka, bila kumwaga tone, hadi juu kwenye ardhi kavu. Vijana wa magunia wakapiga miluzi. Mimi nilitazama dirishani upande wa pili, maana sikutaka anione uso. Nimewahi kutengeneza magari ya wakubwa, nimewahi kusifiwa, lakini sijapata kujivuna kama pale Rugezi, kwa jambo ambalo nilikatazwa hata kuligusa.

Saa tisa na nusu tuliingia kwa Mzee Mafuru. Ukoo ulikuwa umejaa uani, watoto wakakimbilia gari. Mzee ni mrefu, mwembamba, ana fimbo asiyoiegemea. Alilizunguka gari mara moja nzima.

"Shikamoo shemeji," mama alisema akiwa bado kwenye kiti.

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mpangaji wangu, Mngoni. Ni abiria."

"Abiria." Mzee alinitazama miguu hadi kichwa. "Mmebadilishana hapo kwenye kona, kwenye miti ya mikaratusi. Mimi si mtoto."

Watu wakacheka. Ma Koku alifungua mdomo, mama akamzuia kwa mkono. "Shemeji, panda," alisema.

Mzee aliinua fimbo, akaingia mbele nilipokuwa nimekaa mimi, akakunja mikono. Mimi nikabaki uani na wajomba wasionijua. Walikwenda hadi Nansio. Tulisubiri. Ma Koku akawasha moto akayachemsha tena makongoro, na tulipovunja ule unga wa ukingoni, harufu iliwavuta hata waliokuwa wameapa hawana njaa. Kwato zilikuwa zimelainika, nyama inaachia mfupa kwa kuguswa na kijiko. Barabara ya kutoka Mwanza ndiyo iliyozipika.

Gari liliporudi, mzee alishuka akiwa amebeba mfuko wa chumvi. Alingoja mpaka sote tukawa tumekaa, sahani mikononi. Ndipo akasimama.

"Nilisema gari hili likija likiendeshwa na mke wa mdogo wangu, nitasema mbele yenu ni la nyumba yake. Limekuja. Ni la nyumba yake. Mtu asiniletee tena maneno." Akakaa, akala, akanyonya mfupa mpaka mwisho. Kisha akainama kwa mama, na nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia. "Shemeji, tarehe ishirini na saba mke wangu ana kliniki Nansio. Sikuamuru. Nakuomba. Utampeleka?"

"Saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa mbili."

"Awe tayari saa moja na nusu. Mimi sipendi kukimbizwa barabarani."

Tulirudi Mwanza tarehe ishirini na nane. Mambo ya njiani hayakuwa mengi. Kisorya mfanyakazi yule yule wa kivuko alimpungia mama kofia, na mama akapanda mteremko wa huko kama anayeingia uani kwake.

Kuanzia Januari gari halikulala. Jumamosi harusi, katikati ya wiki misiba, na siku nyingine majirani wenye wagonjwa. Mama alijifunza kupima upepo wa matairi na kutazama mafuta kila Jumatatu, kama anavyotazama gesi. Mimi nilijifunza kuunga michembe kwa karanga, kupika ugali wa muhogo usiokatika, na kukaanga sato bila kumvunja. Nilikula vizuri, nikanenepa. Lakini mwezi wa tatu nilianza kukaa kibarazani jioni nikiangalia mabasi yakienda kusini, na mama, mwenye pua ile, hakuhitaji kuambiwa.

"Unakwenda wapi safari hii?" aliniuliza.

"Mpanda. Kuna mtu ana gereji."

"Kila mahali kuna mtu ana gereji," alisema, akaendelea kukata vitunguu.

Nilichojifunza Mwanza ni rahisi kukieleza. Nilidhani gari ni kitu cha kuondokea. Mama Majura alilitengeneza kuwa kitu cha kubakia: nyumba yake ilisimama juu ya magurudumu manne, na kila alipoliwasha mtu fulani alikula, au alifika hospitali, au mzee fulani alinyamaza.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mvua imenyesha alfajiri na miamba ya Mabatini inang'aa. Mama alinipeleka Nyegezi. Buti lilikuwa limejaa masufuria ya harusi ya Igoma, na Ma Koku alikuwa nyuma ameshikilia kachumbari mapajani. Nilidhani watashuka, watasimama nami mpaka basi liondoke, kama nilivyozoea kusindikizwa kila mji nilioacha. Mama alisimama mbele ya geti la stendi, hakuzima injini.

"Mngoni, wali hausubiri. Umebeba vyote?"

"Nimebeba."

"Ukifika piga simu. Na ule chakula, usirudie mayai."

Nilimpa mkono dirishani, akaushika kwa nguvu, akauachia. Dereva wa basi nyuma yake akapiga honi. Akampigia na yeye, ndefu, akaingiza gia, akaingia barabarani katikati ya magari makubwa kama mtu aliyezaliwa humo. Miaka yote mimi ndiye ninayeondoka, wengine wanabaki wamesimama. Siku hiyo nilibaki mimi pembeni ya barabara, begi mguuni, nikitazama steshenwagoni ya kijivu ikipanda kuelekea mjini hadi ilipopotea, na nilikuwa nimefurahi hivi kwamba nilikaribia kukosa basi.